Maduka yapoteza wateja kwa anwani mbovu kwenye ramani ya simu

Mteja anayetafuta pedi za breki za Toyota Noah jijini Dar es Salaam siku hizi haanzi safari yake Shaurimoyo. Huanza na simu. Huandika maneno mawili matatu, "vipuri vya Noah Ilala" au "gereji ya karibu", na kabla hajapanda daladala amekwisha kuonyeshwa maduka matatu pamoja na namba zake za simu, saa zake za kazi na nyota yaliyopewa na wateja waliotangulia. Duka la nne halimo machoni pake, hata kama lina mzigo mwingi na bei nafuu kuliko yote matatu.

Idadi hiyo ya maduka matatu haikuja kwa bahati. Hadi katikati ya mwaka 2015 Google ilikuwa ikionyesha biashara saba chini ya ramani kila mtu alipotafuta huduma ya karibu. Mwezi Agosti mwaka huo ikazipunguza hadi tatu. Anayetaka kuona zaidi hulazimika kubonyeza tena, na mwenye haraka habonyezi. Tangu hapo ushindani wa wenye maduka umekuwa na uwanja wa pili, usio na kodi ya pango wala dalali, lakini wenye nafasi chache kuliko fremu za Mtaa wa Congo.

Hesabu yake kwa mwenye duka ni nyepesi. Ikichukuliwa kuwa duka linakosa wateja wawili tu kwa siku kwa sababu halionekani au linaonekana mahali pasipo pake, na kila mmoja angeacha Sh. 30,000/-, basi kwa siku 26 za kazi mauzo yaliyopita mlangoni ni Sh. 1,560,000/-. Fedha hizo hazionekani kwenye daftari, kwa kuwa mteja ambaye hakufika haachi risiti.

Kinachozungumzwa hapa ni Wasifu wa Biashara wa Google, yaani ukurasa mdogo unaotokea kwenye utafutaji na kwenye ramani ukiwa na jina la biashara, anwani, simu, picha na maoni ya wateja. Kuufungua ni bure na kuutunza ni bure. Wafanyabiashara wengi wameusikia kwa majina mengine, maana umebadilishwa jina mara kadhaa. Mwaka 2010 uliitwa Google Places, mwaka 2014 ukawa Google My Business, na jina la sasa lilitangazwa Novemba 2021. Programu ya simu iliyokuwa ikitumika kuuendesha iliondolewa mwaka 2022. Sasa mwenye biashara huuhariri moja kwa moja kwenye ukurasa wa utafutaji au kwenye Google Maps, akiwa ameingia kwa akaunti yake. Ni vyema kulijua hilo, kwa sababu wapo wanaokuja dukani kuuza "usajili mpya wa Google My Business" kama vile jambo hilo bado lipo.

Kwa waliofanya biashara miaka ya nyuma, mfano ulio karibu ni kitabu cha simu, kile kilichokuwa kikiwekwa mezani kwa karani na kurasa za njano nyuma yake. Tofauti ni kwamba kitabu kilichapishwa mara moja kikabaki vile vile hadi toleo jingine. Ukurasa huu wa sasa hubadilika kila siku, na kibaya zaidi, mtu yeyote apitaye njiani anaweza kupendekeza ubadilishwe.

Google yenyewe inaeleza kuwa hupanga biashara hizo kwa kuangalia mambo matatu: jinsi biashara inavyohusiana na kilichotafutwa, umbali wake kutoka kwa mtafutaji au mahali alipopataja, na jinsi inavyojulikana. Inasema pia kuwa hakuna njia ya kulipia nafasi ya juu katika orodha hiyo ya kawaida. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo huwekwa alama kuwa ni tangazo. Kwa hiyo anayeahidi kumpandisha mtu "namba moja" kwa malipo ya mwezi, akidai ana mkataba na Google, anauza hewa.

Umbali hauna dawa. Duka la Mbagala haliwezi kumzidi la Sinza kwa mtu aliyesimama Sinza anayetafuta chaja. Lakini umbali unaweza kuharibiwa na mwenyewe, na hapo ndipo soko la Kariakoo lina matatizo yake ya pekee.

ALAMA MAHALI PASIPO PAKE

Usiku wa Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua na wafanyabiashara wake wakatawanyika katika masoko mengine ya jiji. Baadaye mwaka huo huo wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara na kupelekwa maeneo yaliyotengwa. Watu walihama na mizigo yao, lakini alama za ramani hazihami zenyewe. Ambaye hakuingia kwenye akaunti yake na kusogeza alama, biashara yake ilibaki imesimama pale pale kwenye simu ya mteja, na mteja akafika mahali penye uzio wa mabati.

Tatizo la pili ni anwani yenyewe. Kwa miaka mingi anwani ya biashara nchini ilikuwa ni Sanduku la Posta, na bado kadi nyingi za biashara zinaanza na S.L.P. Google haikubali sanduku la posta kuwa mahali biashara ilipo. Inataka mahali mteja anapoweza kusimama. Ambaye hana cha kuandika zaidi ya S.L.P. huishia kuandika "Kariakoo, Dar es Salaam", na ramani nayo hukadiria kwa kuweka alama katikati ya kata, pengine juu ya paa la mtu mwingine.

Nafuu ilipatikana Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Operesheni ya Anwani za Makazi mjini Dodoma. Nyumba zikapewa namba, mitaa ikawekewa vibao. Mfanyabiashara mwenye namba ya nyumba na jina la barabara aliloliona ukutani sasa ana anwani ya kuandika, pamoja na postikodi ya kata yake. Lakini si kila kibao kimeingia kwenye ramani ya Google, hivyo kuandika anwani sahihi peke yake hakutoshi. Lazima baada ya kuandika aitazame alama, na kama imekaa vibaya aikokote kwa kidole hadi kwenye mlango wake hasa, akitumia picha ya satelaiti kutambua paa.

Pale ambapo anwani haipatikani kabisa kuna Plus Code, mfumo wa herufi na tarakimu uliotolewa na Google mwaka 2015, unaotokana na latitudo na longitudo za mahali. Anayeshikilia kidole juu ya ramani mahali duka lilipo huonyeshwa msimbo wake. Msimbo huo unaweza kuandikwa kwenye risiti au kutumwa kwa WhatsApp, na dereva wa bodaboda akiuingiza kwenye simu hufika bila kuuliza "mkabala na nini?" mara sita.

Katika majengo ya ghorofa ya Kariakoo mambo ni magumu zaidi. Jengo moja la Mtaa wa Aggrey linaweza kuwa na maduka mengi ya simu, yote kwenye alama moja ya ramani. Namba ya duka na ghorofa ina mahali pake katika mstari wa pili wa anwani, na wengi huuacha wazi. Tena, wataalamu wanaofuatilia utafutaji huu wamekuwa wakieleza tangu mwaka 2016 kuwa Google ina tabia ya kuchuja biashara za aina moja zilizo katika jengo moja, ikionyesha moja au mbili na kuzificha nyingine hadi mtafutaji aikuze ramani. Maana yake ni kuwa mwenye duka ghorofa ya tatu hashindani na mtaa mzima kwanza. Anashindana na jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na mwenye taarifa kamili na maoni mengi zaidi ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubaki juu ya ramani.

Hili lingekuwa jambo dogo kama wateja wote wangeletwa na mawinga, wale vijana wanaompokea mgeni barabarani na kumwongoza dukani huku wakiongeza chao juu ya bei. Mteja anayefika kwa ramani hana winga. Bei anayoisikia ni ya dukani, na faida yote inabaki kwa mwenye mzigo.

AINA YA BIASHARA

Katika kujaza wasifu, sehemu inayoonekana ndogo kuliko zote ndiyo yenye uzito kuliko zote. Nayo ni aina kuu ya biashara. Kampuni ya Whitespark ya Canada huwauliza wataalamu wa kazi hii mara kwa mara ni jambo gani linalopandisha biashara kwenye ramani, na katika majibu yao aina kuu imekuwa ikitajwa juu kabisa.

Wasifu mmoja unaruhusiwa aina kuu moja na nyingine za ziada hadi tisa. Aina hizi hazitungwi. Huchaguliwa kutoka kwenye orodha ya Google yenyewe. Kosa la kawaida ni kuchagua jina pana: mwenye duka la vipuri anachagua "Duka", mwenye saluni ya kusuka anachagua "Urembo", fundi wa majokofu anachagua "Huduma". Wanaotafuta hawatafuti "duka". Wanatafuta vipuri, kusukwa, au mtu wa kujaza gesi kwenye friji. Kadiri aina kuu inavyokuwa finyu na ya kweli, ndivyo biashara inavyoitikia pale inapoitwa.

Kosa jingine ni tamaa ya kujaza zote tisa. Duka linalouza simu, likakarabati simu, likawa pia wakala wa fedha, lina haki ya kuandika hayo matatu. Likiongeza "duka la kompyuta" kwa sababu lina panya mbili za kompyuta kwenye kabati, linajichanganya lenyewe. Anayetaka kujua aina gani inamfaa atafute kwenye simu kile anachouza, aone maduka matatu ya juu yameandikwa aina gani chini ya majina yao. Uchunguzi huo hauhitaji zaidi ya dakika chache za bando.

Sehemu ya maelezo ina nafasi ya herufi 750. Wapo wanaoijaza kwa kurudia neno moja mara ishirini, "vipuri Dar, vipuri Ilala, vipuri Kariakoo", wakidhani mashine itavutwa. Hakuna ushahidi kuwa maelezo hayo yanapandisha biashara, na binadamu anayeyasoma anachoka. Ni afadhali kuandika kinachouzwa, magari yanayohudumiwa, na alama ya jirani ambayo kila mtu anaijua. Kwa waongoza watalii wa Moshi na wenye lojing za Zanzibar, ambao mteja wao anatafuta akiwa bado Ujerumani, Kiingereza kinahitajika hapo pia.

Jina ni habari nyingine. Masharti yanataka jina liwe lile lile lililo kwenye bango na wanalolijua wateja. Mwenye jina lililosajiliwa BRELA asiongeze "bei poa karibu na stendi" mbele yake. Ukweli usiofichika ni kwamba maneno ya ziada kwenye jina huweza kuipandisha biashara kwa muda, ndiyo maana majirani wanayatumia. Lakini yeyote anaweza kuripoti, na wasifu ukisimamishwa biashara inatoweka kwenye ramani, wakati mwingine katikati ya msimu wa mauzo.

SAA MBILI NI SAA NANE

Zipo hasara zinazotokana na lugha tu. Duka linalofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, mwenyewe akijaza 2:00 hadi 12:00 kama anavyoisema, ramani itamwambia mteja kuwa duka linafunguliwa saa nane za usiku na kufungwa saa sita mchana. Mteja wa saa tisa alasiri ataona neno "Imefungwa" na kwenda kwingine, wakati muuzaji amekaa mlangoni akilalamika kuwa biashara imekuwa ngumu. Kinachotakiwa kuandikwa ni 08:00 hadi 18:00.

Jambo hili limekuwa zito zaidi kuliko zamani. Mwishoni mwa mwaka 2023 wataalamu walibaini kuwa biashara zilizofungwa kwa saa ile zilikuwa zikishuka kwenye orodha, na Google ikakubali kuwa kuwa wazi kumeongezewa uzito kwa mtu anayetafuta huduma bila kutaja jina la duka. Baadhi ya wenye biashara nchi za nje walikimbilia kuandika kuwa wako wazi saa 24. Google iliwaonya wasifanye hivyo. Anayefika usiku wa manane akakuta kufuli ndiye wa kwanza kuandika malalamiko, naye huandika akiwa bado na hasira.

Kwa soko la hapa, saa za pekee zina umuhimu wake. Wapo wanaofunga Ijumaa mchana kwa sala, wapo wasiofungua Jumapili, wapo wanaobadilisha saa mwezi mzima wa Ramadhani. Krismasi na Mwaka Mpya vinaweza kujazwa mapema. Idi hungoja mwezi uandame, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa siku yenyewe inapotangazwa.

NYOTA NA MAONI

Katika kile ambacho Google inakiita kujulikana, sehemu kubwa iliyo mikononi mwa mwenye duka ni maoni ya wateja. Tatizo ni kwamba mteja wa hapa, akiridhika, husema "ahsante, Mungu akubariki" na kuondoka. Anayeandika ni aliyeudhika. Matokeo yake duka lililohudumia maelfu linaweza kukaa na maoni manne, mawili kati ya hayo yakiwa matusi.

Njia iliyo halali ni kuomba. Wasifu hutoa kiungo na msimbo wa QR unaomfikisha mteja moja kwa moja mahali pa kuandika. Msimbo huo ukichapishwa na kubandikwa pembeni ya mashine ya EFD, karani anaweza kumwomba mteja wakati risiti inatoka, au kiungo kikatumwa kwa WhatsApp jioni ile ile. Maoni yanayotaja kitu hasa, mathalani kuwa fundi alibadilisha kompresa ya friji siku hiyo hiyo, yana faida kuliko nyota tupu, kwani Google wakati mwingine huwaonyesha watafutaji kuwa maoni yanataja kile wanachokitafuta.

Kisicho halali ni kununua. Kutoa punguzo, soda au vocha ili mtu aandike nyota tano ni kuvunja masharti, na vivyo hivyo kuwataka wafanyakazi na ndugu waandike. Adhabu yake imekuwa kali: Google inaweza kuyaondoa maoni, kuzuia mapya yasipokelewe kwa muda, na hata kuweka onyo kwenye wasifu kuwa maoni ya uongo yameondolewa. Onyo hilo mbele ya wateja ni aibu kuliko nyota mbili.

Maoni mabaya hayafutwi kwa sababu yanauma. Huondolewa yakivunja masharti, kwa mfano yakiwa na matusi au yameandikwa na mshindani. Yaliyobaki hujibiwa, na jibu linasomwa na watu wengi kuliko mlalamikaji mwenyewe. Jibu la mistari miwili, linalokubali kilichotokea na kutaja namba ya kupiga, linatosha. Kuanza kubishana hadharani na mteja juu ya Sh. 5,000/- kumewahi kuonekana kwenye maduka yenye heshima zao, na halikuwa jambo la kupendeza.

VISHOKA WA RAMANI

Kama ilivyo kwa kila huduma isiyoeleweka vizuri, vishoka wamekwisha kujitokeza. Kishoka wa ramani anafungua wasifu wa duka kwa akaunti yake mwenyewe, anapokea malipo, anaondoka. Miezi sita baadaye mwenye duka anataka kubadilisha namba ya simu na kugundua kuwa si mwenye mali. Pengine kishoka naye anadai malipo mengine ili airudishe.

Masharti ya Google yanamtaka wakala amfanye mfanyabiashara kuwa mmiliki wa wasifu, wakala akabaki meneja. Aliyekwisha kuingia mtegoni anaweza kuomba umiliki kupitia wasifu wenyewe. Anayeushikilia hupewa siku 3 za kujibu, na akikaa kimya mwombaji anaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha na kuuchukua. Kwa hiyo hakuna sababu ya kumlipa kishoka fidia kabla ya njia hiyo kujaribiwa.

Uthibitisho wa biashara siku hizi mara nyingi hufanywa kwa video. Ni picha moja mfululizo isiyokatwa, ya angalau sekunde 30, inayoonyesha barabara na majirani, bango la biashara, kisha kitu kinachothibitisha kuwa anayepiga picha ni mwenye mamlaka: kufungua kufuli la duka, kuingia stoo, kufungua droo ya fedha. Majibu huweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Duka lisilo na bango linapata shida hapa, na gharama ya bango la kawaida ni ndogo ukilinganisha na kukataliwa mara tatu.

Biashara inayoendeshwa Instagram tu, ambayo haikutani na mteja ana kwa ana, haina haki ya wasifu huu. Hilo linawaudhi wengi lakini ndivyo masharti yalivyo. Fundi bomba au mpishi wa shughuli anayemfuata mteja nyumbani anaruhusiwa. Yeye huficha anwani ya kwake na kutaja maeneo anayohudumia, hadi 20, yasiyozidi takriban mwendo wa saa 2 wa gari kutoka alipo. Kwa foleni za Dar es Salaam mwendo huo haufiki mbali.

Wasifu unaposimamishwa, rufaa hukatwa kwa fomu, na mwenye biashara hupewa dakika 60 za kupandisha vielelezo baada ya kuifungua sehemu hiyo. Wengi hushindwa hapo kwa kuwa wanaanza kutafuta leseni wakati saa inakimbia. Leseni ya biashara, cheti cha usajili, cheti cha TIN na bili ya umeme yenye jina na anwani ile ile viwe vimepigwa picha na kuwekwa kwenye simu kabla fomu haijaguswa. Jina kwenye leseni likiwa "Enterprises" na kwenye ramani "Traders", rufaa ina kasoro kabla haijasomwa.

Upande wa simu, namba iliyo kwenye wasifu inapaswa kuwa ile ile iliyo kwenye bango, kwenye Facebook na kwenye kadi. Tangu Machi 2017 mteja wa simu nchini anaweza kuhama mtandao bila kubadilisha namba, hivyo kuhama mtandao hakulazimishi tena kubandika namba mpya juu ya bango. Na namba hiyo ipokelewe, kwani huduma ya kutumiana ujumbe iliyokuwa ndani ya wasifu ilifungwa Julai 31, 2024. Waliokuwa na tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu nao wakague kadi zao, kwa sababu tovuti hizo zilizimwa Machi 2024 na anwani zake hazimfikishi mteja popote.

Kuhusu watu wa nje kupendekeza mabadiliko, hatari kubwa ni pendekezo kuwa biashara "imefungwa kabisa". Linaweza kutoka kwa mteja aliyekuta mlango umefungwa siku ya msiba, au kwa jirani mwenye nia yake. Google humtaarifu mmiliki kwa barua pepe, ambayo kwa wafanyabiashara wengi ni ile iliyofunguliwa siku simu iliponunuliwa na haijasomwa tangu hapo. Kuutazama wasifu kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua duka, hugharimu dakika mbili.

Katika kuutazama huko mwenye duka ataona pia takwimu zake: ni watu wangapi waliuona wasifu, wangapi walipiga simu, wangapi waliomba njia ya kufika, na maneno waliyoyatumia kutafuta. Orodha hiyo ya maneno ina thamani ya pekee kwa mnunuzi wa mzigo. Duka la Shaurimoyo likiona watu wanalifikia kwa kutafuta shokapu ambazo halina, linajua cha kuagiza katika kontena lijalo. Wenye simu za iPhone hutumia ramani ya Apple, ambayo tangu Januari 2023 ina ukurasa wake wa bure wa wafanyabiashara. Microsoft nayo ina Bing Places, na mwenye wasifu wa Google anaweza kuuhamishia huko taarifa zake bila kuzijaza upya.